Timu ya Ubingwa Haijengwi kwa Msimu Mmoja

Tangu Ligi ya Mpira wa Kikapu ya Afrika ilipoanza mjini Kigali mwaka 2021, vijana wa visiwa vyetu wamekuwa wakiuliza swali moja: lini na sisi? Swali hilo lilizidi uzito mwaka 2025, pale Nairobi City Thunder ilipokuwa klabu ya kwanza ya Kenya kushiriki ligi hiyo. Ni swali la haki, na haifai kulipuuza. Linalotutia wasiwasi ni majibu yanayotolewa barazani, na pengine hata maofisini. Wako wasemao kwamba apatikane mfadhili mwenye fedha, wasajiliwe wachezaji mashuhuri kutoka nje, na kombe litakuja lenyewe. Wako wengine wasemao kwamba sisi ni watu wa visiwani, tu wachache na bahari imetuzunguka, basi mambo hayo tuwaachie wakubwa.

Sisi tunaona kwamba makundi yote mawili yamekosea, na ushahidi wetu tunautoa kwa watu wa visiwani wenzetu.

Visiwa vya Canary vimo katika bahari ya Atlantiki, mkabala na pwani ya Morocco, na viko chini ya Hispania. Gran Canaria na Tenerife, vilivyo vikubwa kwa idadi ya watu, kila kimoja kina wakaazi wasiofika milioni moja. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar, idadi inayokaribiana na ya visiwa hivyo viwili vikijumlishwa. Klabu zao hucheza katika ligi ya Hispania, ambayo ni miongoni mwa ligi ngumu kabisa duniani. Ukiondoa pale zinapokutana zenyewe kwa zenyewe, kila mchezo wa ugenini kwao ni safari ya ndege, na Madrid peke yake iko umbali wa zaidi ya kilomita 1,700. Hata hivyo klabu ya Tenerife, iliyopanda daraja mwaka 2012, ilitwaa ubingwa wa Ligi ya Mabingwa ya FIBA mwaka 2017, ikautwaa tena mwaka 2022. Klabu ya Gran Canaria nayo ilishinda kombe la EuroCup mwaka 2023, katika ukumbi wake yenyewe, mbele ya watu wake.

Wamefikaje huko? Jambo la kwanza ni kujua kipimo chao. Msimu wa 2018 na 2019 Gran Canaria iliingia EuroLeague, mashindano ya juu kabisa ya klabu za Ulaya. Katika michezo 30 ilishinda 8 na kufungwa 22. Ubingwa wa mwaka 2023 ulipoipa tena nafasi ya kuingia huko, viongozi wake walipiga hesabu ya gharama, wakaiachia nafasi hiyo na kubaki pale walipoweza kushindana bila ya kuiangamiza klabu. Bila shaka uamuzi kama huo haumfurahishi kila mpenzi wa timu. Lakini wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Kiongozi anayethubutu kukataa heshima asiyoweza kuilipia, huyo ndiye anayestahili kukabidhiwa timu.

Jambo la pili ni kuwaweka watu. Tenerife haikubadilisha mwalimu kila ilipofungwa michezo mitatu. Txus Vidorreta, aliyeipa kombe la mwaka 2017, aliondoka, akarudi mwaka 2018, na kombe la mwaka 2022 likapatikana chini yake yeye yule. Marcelo Huertas wa Brazil na Giorgi Shermadini wa Georgia walijiunga na klabu hiyo mwaka 2019, wakiwa wamekwisha kuwa watu wazima katika mchezo. Klabu ikawaweka, wakazoeana, hata ikawa mmoja anajua mwenzake atasimama wapi kabla hajasimama. Mazoea hayo hayanunuliwi. Hupatikana kwa miaka, na hupotea kwa siku moja pale kamati yenye hasira inapoamua kufukuza watu.

Jambo la tatu ni kulea. Edy Tavares alizaliwa mwaka 1992 katika kisiwa cha Maio, Cape Verde, chenye wakaazi wasiofika 10,000. Alikuwa na umri wa miaka 17 na hajapata kucheza mpira wa kikapu alipogunduliwa na kupelekwa Gran Canaria, akafundishwa tangu hatua ya kwanza. Leo jina lake ni miongoni mwa majina makubwa ya Real Madrid. Mwaka 2023 aliiongoza Cape Verde katika Kombe la Dunia, ikaishinda Venezuela kwa pointi 81 kwa 75, nayo ni nchi yenye watu wapatao nusu milioni tu. Nasi Watanzania tunaye Hasheem Thabeet, aliyechaguliwa wa pili katika uteuzi wa NBA wa mwaka 2009. Kijana alikuwa wetu, lakini sehemu kubwa ya malezi ya mchezo wake aliipata Marekani. Je, Kojani au Makunduchi hakuna mtoto mrefu wa miaka 14 anayepita njiani leo, asiyejulikana ila kwa urefu wa suruali yake? Nani atamwona, na akimwona atampeleka wapi?

Hapa ndipo tunapowageukia wakuu wa Serikali. Huko Gran Canaria serikali ya kisiwa ndiyo iliyojenga ukumbi mkubwa uliofunguliwa mwaka 2014, nayo ndiyo yenye hisa nyingi katika klabu. Basi mkono wa Serikali katika michezo si dhambi. Lakini kazi ya mkono huo ni kujenga nyumba na kulinda hesabu. Haifai mkono huo huo umpangie mwalimu nani aanze na nani akae benchi.

Tunajua kwamba ligi ya Hispania ina fedha za televisheni na wafadhili ambazo sisi hatuna. Tofauti hiyo hatuifichi, bali ndiyo inayotulazimisha tuwe waangalifu zaidi. Mwenye kidogo akikitumia chote kwa mchezaji mmoja wa msimu mmoja, msimu wa pili ataanza tena na mikono mitupu. Tunajua pia kwamba wako watakaouliza kwa nini tuzungumzie vikapu ilhali hospitali na skuli zina mahitaji. Nasi twawajibu kwamba hatuombi mishahara ya nyota. Tunaomba msingi, na sehemu kubwa ya msingi huo ni uwanja wa skuli, ambao mtoto atautumia hata asipokuwa mchezaji kamwe.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne. Kwanza, viwanja vya skuli vitengenezwe, na jioni vifunguliwe kwa vijana wa mtaa chini ya uangalizi wa walimu na masheha. Pili, nauli za boti baina ya Unguja na Pemba ziingizwe katika bajeti ya michezo ya vijana, kwani ligi ambayo timu ya Pemba haiwezi kuifikia si ligi ya Zanzibar. Tatu, walimu wa mchezo huu wasomeshwe na wapewe mikataba ya miaka mitatu kwa uchache, wasipimwe kwa matokeo ya mwezi mmoja. Nne, timu yoyote itakayopokea fedha za umma itangaze mapato na matumizi yake kila mwaka, ili mwananchi ajue shilingi yake imekwenda wapi.

Hayo yakitendeka, timu ya kulipwa itakuja kwa wakati wake, nayo itawakuta wachezaji, walimu na watazamaji tayari. Yasipotendeka, tutanunua jezi nzuri, tutapiga picha uwanja wa ndege, na baada ya miaka miwili tutabaki na jezi hizo. Mcheza kwao hutunzwa, ndivyo tusemavyo siku zote. Wajibu wetu sasa ni kuhakikisha kwamba kijana wetu anapata kwanza mahali pa kuchezea kwao.