Aliyeuzwa na Aliyeuza: Aibu ni ya Nani?

Liko neno moja livunjalo posa katika vijiji vyetu. Mshenga amekuja, binti ameridhia, mahari yametajwa, ndipo mzee mmoja anong'ona, "Babu yake kijana huyu alinunuliwa." Basi, maneno yamekwisha. Twauliza: je, hii ndiyo hekima?

Njia ya misafara kutoka Tabora kwenda pwani ilipita Mgunda Mkali, katika nchi hii yetu ya Manyoni. Waliopitishwa huko wamefungwa minyororo walikuwa na baba na mama na ukoo. Wengine walitekwa vitani, wengine waliuzwa wakati wa njaa. Nani asiyeweza kupatwa na hayo? Wala tusiwasingizie wageni peke yao, maana watu weusi nao waliwashika weusi wenzao wakawauza.

Husemwa kwamba mzao wa mtumwa hajui kutunza nyumba. Huo ni uongo. Mwaka 1876 Askofu Steere alikwenda Masasi pamoja na watu waliokombolewa. Wakajenga, wakalima, wakaoana, ijapokuwa hawakuwa na wajomba wa kuwasimamia arusi. Cecil Majaliwa, aliyekuwa mtumwa utotoni, alioa binti aliyelelewa Mbweni, Unguja. Akapewa upadre mwaka 1890, akafundisha katika nchi ya Wayao.

Lakini dharau haikukoma. Huko Freretown, karibu na Mombasa, mji wa waliokombolewa uliojengwa mwaka 1875, watu hao waliitwa "mateka" hata baada ya kuwa huru. William Jones, naye alitoka utumwani akawa padre, lakini Wazungu wengine wa misheni hawakumhesabu kuwa sawa nao kwa sababu ya rangi yake. Sisi tukisikia habari hiyo twakasirika, na ni haki. Lakini Mzungu yule alitazama ngozi, na sisi twatazama babu. Tofauti i wapi?

Sheria ya utumwa ilivunjwa Unguja mwaka 1897, ingawa masuria waliachwa hata mwaka 1909. Nayo Tanganyika, mwaka 1922. Iliyobaki ni sheria ya ndimi zetu. Basi wazazi, posa ijapo, ulizeni: kijana ana bidii? Ana adabu? Atamtunza mke na watoto? Na mzee akinong'ona habari za babu aliyenunuliwa, naye aulizwe mbele ya wote: ni nani aliyemwuza?