Sindano Kabla ya Uzi

Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa alfajiri, mvua ikipiga mabati. Kuzaa kwenyewe kumeanza kufifia kichwani mwangu, kushonwa hakujafifia. Mtoto alikwisha kulia, mama yangu alikwisha kupiga vigelegele huko barazani, nami nikadhani shida imekwisha. Infirmye, yaani muuguzi, akasogeza taa, akasema nimechanika kidogo, akaanza kushona. Nilihisi kila tundu. Sindano iliingia mara 9, najua kwa sababu nilihesabu ili nisipige kelele. Ilipofika ya tano nilimshika mkono. Akauondoa mkono wangu bila ukali, akasema: "Mama, umekwisha kuzaa, na hii ndiyo itakushinda?"

Sikitaji kituo kile wala mwanamke yule. Alikuwa amekesha peke yake na wazazi wanne, na kulipopambazuka alininunulia chai kwa franka zake mwenyewe. Miaka mingi nilisimulia kisa kile kama wanavyosimulia wenzangu, tukiketi nyuma ya nyumba siku ya harusi au matanga, kila mmoja na chake, tukicheka mpaka machozi. Sikuwahi kujiuliza kama kulikuwa na namna nyingine.

Toleo hili linahusu kuzaa, na swali lililotufikisha hapa ni lile ambalo dada zetu walioko Bruxelles, Paris na Montréal wanatuandikia kila wanapokaribia siku zao: nizae bila dawa yoyote, au niombe dawa ya kupunguza maumivu? Mmoja anataka peridurali, ile dawa ya ganzi inayopitishwa mgongoni, kwa sababu mara ya kwanza alipata mateso ya saa 20. Mwingine hataki hata kuisikia, anataka kusikia mwili wake unavyofanya. Wanabishana, wanasoma, wanaandika matakwa yao kwenye karatasi na kuyapeleka hospitali kabla ya siku. Sisi hapa Bunia, kuanzia Mudzipela hadi Nyakasanza, tunakwenda maternite na beseni, sabuni, glovu, pamba na vikwembe viwili. Karatasi ya matakwa haimo kwenye beseni lile.

Tuna msemo wetu: fulani amezaa kwa kawaida. Maana yake hakupasuliwa. Msemo huo una sifa ndani yake, na kivuli chake kinamwangukia aliyefanyiwa sezarieni, ambaye jirani atasema kwa sauti ya chini kwamba yeye hakuzaa, alizalishwa. Lakini hiyo kawaida, nani aliichagua? Mwaka 2015 watafiti wa Uganda walichapisha matokeo ya mahojiano na wajawazito 1,293 waliokuwa wakihudhuria kliniki katika hospitali ya Mulago, Kampala. Asilimia 7 tu ndio waliokuwa na habari kwamba maumivu ya kuzaa yana dawa. Walipoelezwa, karibu 88 kati ya kila 100 walisema wangependa kuipata safari ijayo. Waliokataa, sababu yao kubwa ilikuwa kwamba walitaka kuonja kuzaa kwa asili. Mimi nayaheshimu makundi yote mawili, kwa kuwa wote waliulizwa. Na Mulago ni hospitali ya taifa katika mji ambao watu wa Bunia huuza ng'ombe ili wapeleke mgonjwa wao kutibiwa huko. Ikiwa huko hali ndiyo hiyo, basi sisi hatuna haja ya kujidanganya.

Hoja yangu ni hii. Kuzaa bila dawa ni heshima kwa mwanamke aliyechagua hivyo. Kwa mwanamke ambaye hakuulizwa, ni upungufu wa dawa uliovishwa kikwembe cha ushujaa.

Lugha yetu yenyewe inatutatiza hapa. Kiswahili chetu huiita leba uchungu, neno lile lile la ukali wa shubiri na la moyo uliojeruhiwa. Mwanamke "ameshikwa na uchungu", basi, kama vile mtu anavyoshikwa na polisi. Lakini lugha hiyo hiyo imempa kitenzi cha ajabu, kujifungua: kifundo ni chake, na mikono inayokifungua ni yake. Na ukiingia maternite yoyote hapa mjini utasikia neno la tatu, tulilolirithi kutoka Kifaransa: mama yuko katika travay. Travay ni kazi. Nimeishi na maneno hayo matatu tangu tuanze kukusanya makala za toleo hili, na nimeamini kwamba kazi ni kitu kimoja na uchungu ni kitu kingine. Kazi ni ya mama, hakuna wa kumnyang'anya. Uchungu unaweza kupunguzwa na kazi ikabaki yake.

Najua litakalofuata, maana nimelisikia kwenye mahubiri: Eva aliambiwa atazaa kwa uchungu, imekwisha. Hoja hiyo ina umri mkubwa kuliko mji wetu. Mwaka 1847 James Young Simpson, daktari wa Edinburgh, alianza kuwapa wanawake wanaozaa ether, kisha klorofomu. Mwaka huo huo aliandika kijitabu kuwajibu waliompinga kwa Maandiko. Alirudi kwenye Kiebrania cha Mwanzo sura ya 3, akasema neno ambalo Biblia zetu zimelifasiri kuwa utungu linabeba pia maana ya kazi, ya juhudi ya mwili unaotoka jasho. Alikuwa kwenye travay yetu bila kujua. Mwaka 1853 malkia Victoria, aliyekuwa mkuu wa kanisa la Uingereza, alipewa klorofomu na daktari John Snow akimzaa Leopold, mtoto wake wa nane. Na kwa sisi Wakatoliki, tarehe 8 Januari 1956 Papa Pius wa 12 aliwahutubia madaktari juu ya njia ya kuzaa bila maumivu iliyotoka Urusi na kuenezwa Ufaransa na daktari Fernand Lamaze, akasema haina kosa kwa imani wala Maandiko hayamkatazi mama. Mwaka uliofuata alisema vivyo hivyo juu ya dawa za ganzi. Ni miaka mingi sasa. Mapadri na wachungaji wetu wangetusaidia sana wakilisema jambo hili kwa sauti kubwa kama wanavyomtaja Eva.

Kuna mtu mwingine ninayetaka kumjadili, kwa sababu mawazo yake yamo katika vinywa vya watu wasiojua hata jina lake. Grantly Dick-Read, daktari Mwingereza, alichapisha mwaka 1933 kitabu kuhusu kuzaa kwa asili. Alisema hofu hukaza mwili, mwili uliokazwa huumia, na maumivu huongeza hofu. Katika hilo alisema kweli, na mkunga yeyote wa hapa atakubali. Lakini alisema pia kwamba wanawake aliowaita wa jamii za kale, yaani bibi zetu, huzaa karibu bila maumivu kwa kuwa hawajaharibiwa na ustaarabu. Waliokuwapo vyumbani mwa bibi zetu hawakusema hivyo. Wao ndio waliotuachia methali kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Wazo la Dick-Read bado linatudhuru. Kila anayedhani mwanamke wa Djugu au Irumu amezoea, kwamba ngozi yake ni ngumu, anamchoma sindano ile kama mimi nilivyochomwa.

Na hofu tunayo, tena si ya kufikirika. Mwanamke wa kambi ya wakimbizi wa ndani ya Kigonze anapanga safari ya maternite akisikiliza kwanza kama kuna milio ya risasi upande wa barabara. Tangu jimbo letu la Ituri liwekwe chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021, wapo waliojifungulia njiani kwa kuogopa kutoka usiku. Hofu nyingine ni ya bili: katika nchi yetu mwanamke anaweza kuzaa salama kisha akazuiliwa na mtoto wake hadi ndugu walete pesa. Kuzaa bure kulizinduliwa Kinshasa mwaka 2023, na kila mume anayeuza simu yake ili alipie sezarieni ana haki ya kuuliza ahadi hiyo itamfikia yeye lini. Ukimwambia mwanamke mwenye hofu hizi alegeze mwili na apumue vizuri, umemwambia nusu tu.

Sasa nifike kwenye linalowezekana, maana sitaki msomaji afunge gazeti akidhani tunadai peridurali katika kila kituo cha afya cha Ituri. Dawa ile inahitaji mtaalamu wa usingizi aliye macho usiku kucha, kupima presha kila mara, kusikiliza moyo wa mtoto, umeme usiozimika, oksijeni, na chumba cha upasuaji kilicho tayari. Penye upungufu wa hayo inaweza kuua. Hata petidini, ambayo Shirika la Afya Duniani liliitaja mwaka 2018 miongoni mwa dawa za kumsaidia mzazi anayeomba, humfanya mtoto mwingine achelewe kuvuta pumzi, kwa hiyo lazima awepo mtu anayejua kumsaidia mtoto huyo. Kwa kufunza watu wa namna hiyo tulikuwa na Nyankunde, hospitali iliyokuwa fahari ya jimbo letu na shule ya wauguzi wa sehemu yote hii, hadi Septemba 2002 iliposhambuliwa, wagonjwa wakauawa vitandani. Ujuzi huchukua miaka 30 kujengwa na asubuhi moja kubomolewa. Waliobaki na kuanza tena, huko na hapa mjini, tunawadai kidogo na tunawashukuru mengi.

Hata hivyo umaskini si jibu la kila swali. Mwaka 2017 tume ya jarida la Lancet ilikadiria kwamba katika tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zinazogawanywa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa hupata tani 0.1. Lakini ng'ambo ya Ziwa Albert, Uganda ni maskini pia, na ilifanya jambo. Daktari Anne Merriman alianzisha huko Hospice Africa Uganda mwaka 1993, wakawa wanachanganya mofini ya maji kwa gharama ndogo, na mwaka 2004 sheria ikawaruhusu wauguzi waliofunzwa kuiandika wenyewe bila kumsubiri daktari ambaye hayupo. Ilikuwa kwa ajili ya wagonjwa wa saratani na ukimwi, si kwa wazazi. Nimeitaja kwa sababu inaonyesha maumivu yanaweza kupunguzwa na infirmye wa kijijini, akiaminiwa.

Na kuna dawa isiyouzwa. Pendekezo lile lile la Shirika la Afya Duniani la 2018 linataka kila mzazi awe na mtu anayempenda kando yake, aruhusiwe kutembea na kukaa apendavyo, akandwe mgongo, awekewe kitambaa cha moto. Uchunguzi uliokusanya wanawake zaidi ya 15,000 umeonyesha kwamba wenye mtu wa kuwashika mkono tangu mwanzo hadi mwisho huzaa mapema kidogo, hupasuliwa mara chache na huhitaji dawa kidogo. Sisi tunawaacha mama wakwe na shangazi barazani, kisha tunamlaza mzazi chali juu ya meza ya chuma na kumwambia, "Wakati ulikuwa unatafuta mutoto, ulilia?" Maneno hayo yamesemwa mno katika nchi hii. Yafaa yaishe, na kuyaacha hakugharimu franka hata moja.

Mtoto wangu wa pili nilimzaa bila dawa, kwa kuchagua. Mkunga aliniambia mapema, miezi miwili kabla, nini kitatokea na nini anacho sandukuni. Mama yangu aliruhusiwa kuingia. Alinikanda kiuno kwa kikwembe alichokuwa akikichovya katika maji ya moto, nami nikazunguka ua wa kituo mara sijui ngapi, nikishikilia ukuta kila wimbi lilipokuja. Niliumia sana. Nilipotoka pale nilikuwa na furaha ambayo bado sijaipatia maneno. Ndiyo maana siwezi kuandika gazeti la kuwadharau wanaotaka kuzaa kwa asili. Ndani ya toleo hili utawakuta, pamoja na mama aliyeomba dawa na hataki kuona haya, na mama wa sezarieni mbili anayejua kabisa kwamba amezaa.

Uchunguzi wa taifa wa 2013–2014 ulionyesha kwamba watoto 8 kati ya 10 nchini huzaliwa katika kituo cha afya. Kina mama walihubiriwa wasizalie nyumbani, na wamesikia. Wamekuja. Kwenye kadi ya CPN, ile ya kliniki ya wajawazito, tunawaandikia uzito, presha, kimo cha tumbo na tarehe ya chanjo ya pepopunda. Ningependa uongezwe mstari mmoja tu, wa kuandika mama mwenyewe anataka nini uchungu ukimshika.

Mwaka huu mdogo wangu alijifungua, na mimi ndiye niliyekuwa mlinzi wake. Yote yalikwenda vizuri. Kisha infirmye, binti wa miaka 20 na kitu, akatazama, akasema amechanika kidogo, akachukua uzi. Nikasikia mgongo wangu unapata baridi. Nikamwuliza kwa upole, "Dada, dawa ya ganzi ipo?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kitu ambacho hajawahi kuulizwa. Akavua glovu, akaenda mezani, akavuta droo ya pili. Akasogeza bunda la karatasi za partogramu na bandeji, akatoa chupa ya lidokaini ambayo kizibo chake hakijaguswa. Akaifuta vumbi kwenye koti lake, akaisogeza kwenye taa akasoma tarehe, akatafuta bomba la sindano.

Mdogo wangu alishonwa akiwa anazungumza na mtoto.