Farasi wa jirani: kabla hujanunua picha, uliza ni wa nani

Mfanyabiashara anayetoka Nairobi, Arusha au Kampala kwenda Addis Ababa kwa kawaida ana orodha yake mfukoni: viatu vya ngozi, nguo za pamba, viungo, kahawa. Akishamaliza shughuli zake Merkato na kubakiwa na birr kidogo, ananunua picha. Mara nyingi picha anayouziwa ni ya farasi: mweupe, macho makubwa, amepandwa na kijana mwenye mkuki, na chini ya kwato kuna joka. Anaiviringisha, anaiweka juu ya viatu na kuvuka Moyale. Huku nyumbani anaiuza kwa jina la "picha ya Kihabeshi", basi.

Nasema huyo amejipunja. Mfanyabiashara hawezi kununua mahindi bila kuyatafuna punje mbili kujua kama yamekauka, wala kitenge bila kukigeuza nyuma. Kwa nini farasi anunuliwe kwa kufumba macho? Katika bidhaa zinazovuka mipaka yetu, hii ni miongoni mwa chache zinazobeba historia nzima ya jirani. Asiyeijua hupoteza bei, anaweza kupoteza mzigo forodhani, na wakati mwingine anaweza kumkosea mtu aliyemkaribisha.

Tuanze na swali ambalo wengi hujiuliza: kwa nini farasi wako Ethiopia na si kwetu? Jibu ni la kawaida kabisa. Sehemu kubwa ya nchi zetu, kuanzia pwani hadi maziwa makuu, ina mbung'o na magonjwa yanayomuua farasi haraka. Ndiyo maana Lamu ni mji wa punda, na misafara ya zamani kutoka Bagamoyo ilibebwa kwa mabega ya watu. Nyanda za juu za Ethiopia zina baridi, na mbung'o hawapandi huko. Farasi akaishi, akazaana, akawa chombo cha vita, cha safari na cha heshima. Mchoraji huchora kinachotawala maisha ya watu wake.

Heshima hiyo ilifika hadi kwenye majina. Sisi tunamwita mtu Baba Asha au Baba Juma kwa jina la mwanawe. Wakuu wa Ethiopia waliitwa kwa jina la farasi. Mfalme Menelik II aliitwa Abba Dagnew, yaani baba wa Dagnew, na Dagnew ni farasi wake. Tewodros II aliitwa Abba Tatek. Desturi hiyo ni ya Waoromo pia: Abba Jifar, jina ambalo ufalme wa Jimma unakumbukwa nalo, lina asili hiyo hiyo. Hata kikosi cha Ethiopia kilichokwenda kupigana Korea mwaka 1951 kiliitwa Kagnew, jina la farasi wa Ras Makonnen, baba yake Haile Selassie.

Sasa turudi kwenye picha. Kijana juu ya farasi mweupe ni Mtakatifu George, na katika michoro ya makanisa ya Ethiopia huwekwa karibu na Bikira Maria kama mlinzi wake. Si kila farasi ni wake. Ukiona farasi mweusi, aliyempanda huenda ni Mtakatifu Mercurius. Angalia pia macho. Katika michoro ya jadi ya Kiethiopia, mtu mwema huonyeshwa uso mzima kwa macho yote mawili, na mwovu huonyeshwa ubavuni kwa jicho moja. Mteja ukimweleza hilo jambo moja tu, picha haibaki kuwa pambo la ukutani. Inakuwa kitu cha kusomwa, na mteja anayesoma hulipa kuliko anayepamba.

Kanuni hiyo ya macho ilitoka kanisani ikaingia vitani. Tarehe 1 Machi 1896, jeshi la Menelik liliwashinda Waitaliano huko Adwa, na tangu hapo wachoraji wamekuwa wakiichora vita hiyo upya. Katika picha hizo Waethiopia wanatutazama na Waitaliano wako ubavuni. Juu angani yupo Mtakatifu George na farasi wake, anaingia vitani upande wa Ethiopia. Malkia Taytu naye yumo, amepanda farasi. Picha moja ya namna hiyo iko katika makusanyo ya British Museum, London. Lakini ya nini kupanda ndege hadi London, wakati basi la Moyale lipo?

Aliye na nusu siku Addis Ababa anaweza kuona mengi bila kutumia fedha nyingi. Makumbusho ya Taasisi ya Mafunzo ya Ethiopia yako Sidist Kilo, ndani ya Chuo Kikuu cha Addis Ababa, katika jengo lililokuwa kasri la Haile Selassie. Humo zimo picha takatifu za zamani zilizochorwa kwenye mbao, na hapo ndipo jicho lako litajifunza tofauti kati ya kazi ya mkono uliotulia na kazi ya haraka ya kuuzia wageni. Makumbusho ya Taifa hayako mbali na hapo. Kisha teremka hadi eneo la Piassa, penye kanisa la Mtakatifu George. Karibu na kanisa hilo imesimama sanamu ya Menelik juu ya farasi aliyeinua miguu ya mbele, na jirani yake ni jengo la kumbukumbu ya ushindi wa Adwa lililofunguliwa Februari 2024. Anayefika kaskazini kwa biashara atawakuta watakatifu wapanda farasi katika kuta za makanisa ya Ziwa Tana, kama Ura Kidane Mehret, na katika kanisa la Debre Berhan Selassie mjini Gondar.

Hiyo sanamu ya Menelik inatuleta kwenye jambo zito. Ilizinduliwa mwaka 1930, wakati wa kutawazwa kwa Haile Selassie. Waitaliano walipoiteka Addis Ababa mwaka 1936 waliing'oa na kuifukia, kwa sababu iliwakumbusha Adwa. Baada ya kufukuzwa mwaka 1941, ilifukuliwa na kusimamishwa tena. Kwa Waethiopia wengi, na kwa Waafrika wengi nje ya Ethiopia, farasi yule ni farasi wa uhuru.

Lakini si kwa wote. Menelik huyo huyo aliipanua himaya yake kuelekea kusini kwa vita, na wapo Waoromo wengi wanaomkumbuka kama mtekaji. Juni 2020 mwanamuziki Hachalu Hundessa alisema katika mahojiano ya televisheni kwamba farasi anayeonekana kwenye sanamu alikuwa wa mkulima wa Kioromo, Sida Debelle, na kwamba aliporwa. Maneno hayo yalizua hasira. Siku chache baadaye, tarehe 29 Juni, Hachalu aliuawa kwa risasi mjini Addis Ababa. Ghasia zilizofuata ziliua watu zaidi ya 100, na huko Harar sanamu ya Ras Makonnen akiwa juu ya farasi, kazi ya msanii maarufu Afewerk Tekle, iliangushwa.

Nayasema haya si kwa ajili ya kuamua ugomvi wa nyumba ya jirani. Mgeni hafanyi hivyo. Nayasema kwa sababu njia ya kutoka Moyale kwenda Addis Ababa inapita katikati ya nchi ya Waoromo, na mfanyabiashara anayefunga mkataba wa maharage Yabelo huku amevaa fulana yenye sanamu ya Menelik anaweza kumuumiza mwenyeji wake bila kujua. Utangamano wa kanda hausimami kwa mihuri ya pasipoti peke yake. Unasimama pia kwa kujua kipi kinamfurahisha jirani na kipi kinamchoma.

Tuje kwenye sheria, maana hapo ndipo mzigo hukwama. Mfumo wa kimataifa wa uainishaji wa bidhaa, unaotumiwa na forodha za nchi zetu zote, umeiweka sanaa katika Sura ya 97. Picha iliyochorwa yote kwa mkono iko humo. Lakini sinia, kikombe au bidhaa nyingine ya kiwandani iliyopakwa picha ya farasi haihesabiwi kuwa sanaa, hata kama rangi imepakwa kwa mkono. Picha iliyochapwa kwa mashine nayo ina mahali pengine. Na kitu cha kale chenye umri wa zaidi ya miaka 100 kina kifungu chake chenyewe. Wakala wa forodha akiandika "mapambo" kwenye fomu kwa kila kitu, amekuandalia matatizo.

Hicho kitu cha kale ndicho hatari kubwa. Ethiopia inakataza kutoa nje mali ya urithi bila kibali, na hata picha mpya iliyochafuliwa kwa makusudi ionekane kuukuu inaweza kuzuiwa hadi ithibitishwe. Wanayo sababu. Mwaka 1868 jeshi la Uingereza lilibeba vitabu na vitu vitakatifu kutoka ngome ya Tewodros huko Maqdala, na hadi leo Ethiopia inavidai. Mtu akikunong'oneza kwamba ana mbao ya kanisani ya Mtakatifu George ya miaka 200, tena kwa bei ya kutupa, huyo hakuuzii bidhaa. Anakuuzia kesi. Na hata ukifanikiwa kuivusha, kuna kijiji mahali fulani ambacho kimebaki na ukuta mtupu.

Najua nitakachojibiwa: mama anayevuka na mabegi mawili hana muda wa kusomea historia ya sanaa. Kweli. Lakini hahitaji shahada. Anahitaji maswali matatu tu anaponunua: nani amechora, lini, na huyu farasi ni wa nani. Jibu aliandike nyuma ya picha, na ankara yenye jina la mchoraji aiweke pamoja nayo. Hayo yatamsaidia forodhani, na yatamsaidia dukani.

Sehemu iliyobaki ni ya serikali. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Moyale kilizinduliwa Desemba 2020 ili kupunguza foleni. Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa za nchi wanachama zisizozidi dola 2,000 hupata hati rahisi ya asili, mradi bidhaa yake iko kwenye orodha iliyokubaliwa. Ethiopia si mwanachama wa Jumuiya, kwa hiyo farasi wetu hanufaiki na hati hiyo hata akifika Namanga. Ingawa Ethiopia na Kenya ziko pamoja katika COMESA, Tanzania haimo. Ninachopendekeza ni kidogo: karatasi moja ya makumbusho, katika lugha zinazosomeka pande zote, inayosema kazi hii ni mpya na mchoraji ni fulani, na ikubalike kuanzia Moyale hadi Namanga na Busia. Anayevuna hapo si mfanyabiashara tu. Mchoraji anapata jina, na mwizi wa makanisa anakosa kichaka cha kujificha.

Tumezoea kuupima utangamano kwa tani za saruji na magunia ya sukari. Vipimo hivyo ni sahihi, ila havitoshi. Saruji ya Kenya na saruji ya Tanzania hazina tofauti ukishajenga nyumba. Farasi wa Ethiopia ana tofauti. Hapatikani kwingine, anamlisha fundi aliyemchora, na anamfanya mteja wa Mwanza ajue kwamba kaskazini mwa Kenya kuna taifa lenye mambo yake, furaha zake na vidonda vyake. Safari ijayo, usimnunue kwa chenji iliyobaki. Mtengee bajeti.