Mtungi wa Jikoni Ubaki Jikoni

Wengi mnaniuliza kama ni salama kupanda bajaji au teksi inayotumia gesi, maana hapa Upanga na Kariakoo zimekuwa nyingi. Mimi nazipanda. Petroli nayo si mpole: tuliyaona Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, watu zaidi ya 100 walipokufa kwa moto wa lori la mafuta.

Ninachokipinga ni ufungaji wa kubahatisha. Gesi asilia ya magari hushindiliwa kwa nguvu ya mara 200 hivi ya hewa tunayoivuta, na mtungi wake ni mzito, umetengenezwa kwa kazi hiyo. Mtungi wa jikoni ukijazwa gesi hiyo waweza kupasuka. Tena gesi asilia ni nyepesi, ikivuja mahali pa wazi hupanda juu na kutawanyika. Ile ya kupikia ni nzito, hutulia chini, miguuni mwa abiria, ikingoja cheche. Fundi anayekufungia mtungi wa jikoni kwa bei nafuu anakuuzia kidonda. Mdai cheti chake. Na wakati wa kujaza gesi abiria wote washuke. Mama mwenye mtoto asione haya kumsimamisha dereva ashuke kwanza.

Mtu akiungua, mmwagieni maji safi ya bomba kwa dakika 20, mvueni pete na nguo zisizonata, mfunikeni kwa kitambaa safi, mumlete hospitali. Dawa ya meno, mafuta na yai viacheni nyumbani. Sisi wauguzi huishia kuvibandua kwenye kidonda, mgonjwa akilia.