Nywele, Homoni na Urithi: Tuvifundishe Pamoja

Katika shule zetu za sekondari, homoni hufundishwa mahali pake na urithi mahali pake, kana kwamba ni mambo mawili yasiyojuana. Mwanafunzi hutoka darasani akiamini kuwa jeni ni hukumu iliyokwisha andikwa, na kuwa homoni ni maji tu yazungukayo katika damu. Maoni yangu ni kwamba mpango huu una kasoro, na kwamba dawa yake tunayo vichwani mwetu. Dawa hiyo ni nywele.

Kila unywele huota katika kifuko kidogo kilichomo ndani ya ngozi, na kila kifuko hupitia awamu tatu. Unywele wa kichwani hukua kwa miaka 2 hadi 6. Kisha kifuko husinyaa kwa majuma 2 au 3. Halafu hupumzika kwa miezi 3 hivi, unywele hudondoka na mwingine huanza. Ndiyo maana mtu mwenye afya hupoteza nywele 50 hadi 100 kila siku asiwe na upara.

Ni nani aamuruye awamu hizo? Ni jeni, lakini jeni hazifanyi kazi zote kwa wakati mmoja. Homoni kama testosteroni hupenya ndani ya seli na kushikamana na protini iitwayo kipokezi. Viwili hivyo hujibandika kwenye DNA, ndani ya kiini cha seli, karibu na jeni fulani. Na jeni hiyo huamshwa au hulazwa.

Tena, homoni ile ile huleta matokeo mbalimbali mahali mbalimbali. Kijana anapobalehe, homoni hizo hugeuza malaika ya kidevuni kuwa ndevu. Baadaye, kwa mtu aliyerithi mwelekeo huo, hizo hizo hufupisha awamu ya kukua ya nywele za utosini, na upara huingia. Mwaka 1942 mtaalamu wa Marekani, James Hamilton, alionyesha kuwa wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe hawakupata upara. Walipopewa testosteroni, wale ambao koo zao zilikuwa na upara walianza kupoteza nywele. Basi urithi peke yake haukutosha, wala homoni peke yake.

Vitabu vya kigeni hupenda mfano wa kondoo wa nchi za baridi: urefu wa mchana ukibadilika, melatonini na prolaktini hubadilika mwilini, na manyoya ya kondoo wa jamii za kale hupukutika kwa majira. Mfano huo ni sahihi, lakini mwanafunzi wa Kurui, wilayani Kisarawe, hawezi kuuona. Kurui iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, ambako mchana mrefu kuliko yote ya mwaka huuzidi ulio mfupi kwa dakika 50 hivi tu. Mbuzi wa pwani wana manyoya mafupi, na kondoo wetu wa asili hawana sufu ya kukata.

Hata hivyo, mwanafunzi huyo ana mama na dada. Wakati wa mimba, wingi wa estrojeni huzuia nywele zisiingie katika mapumziko. Baada ya kujifungua homoni hiyo hushuka ghafula, na baada ya miezi michache nywele nyingi hudondoka kwa pamoja, kisha huota tena. Asiyejua hayo ni rahisi kumshuku jirani kwa uchawi.

Vivyo hivyo msichana mwenye ndevu huchekwa, ingawa kila mwanamke anayo testosteroni kidogo. Zikizidi ghafula, aende hospitali, hastahili dhihaka. Na yule anayejipaka mkorogo aambiwe kuwa baadhi ya krimu hizo zina steroidi, nazo huweza kudhoofisha ngozi na kuotesha nywele usoni.

Nawashauri walimu wenzangu watenge walau vipindi viwili vya kuunganisha mada hizi. Wanafunzi wahesabu nywele zinazobaki katika vitana vyao kwa juma moja, waulize wazazi habari za upara katika koo zao, kisha wajadili kwa nini ndugu wa tumbo moja hutofautiana. Kijana akielewa kuwa jeni husubiri amri ya kuamshwa, hatamcheka mwenzake kwa jambo ambalo mwili wake mwenyewe unalifanya kila siku.