Udzungwa si ya wazungu peke yao

Najua ni wiki ya testi na hakuna mwenye muda, ila hili limenikaa rohoni, wacha nilitoe.

Ukimwambia Mtanzania "twende na familia tukatembee msituni", atakuuliza umepata mzungu wa wapi. Kwetu sisi kumtembeza mtoto ni bembea na chipsi kuku basi. Wakati pale Mang'ula, barabara ya Mikumi kwenda Ifakara, kuna Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, na humo ndani hakuna barabara ya gari. Awe waziri, awe mwanafunzi anayesubiri boom, wote kwa miguu!

Wengi wakisikia Udzungwa wanawaza maporomoko ya Sanje, yale ya mita 170, wanaogopa. Kweli, Sanje inataka nusu siku na magoti mazima. Ila ipo njia fupi, kama kilometa moja tu kutoka makao makuu ya hifadhi, inakwenda kwenye maporomoko ya Prince Bernhard, yule Mholanzi aliyezindua hifadhi mwaka 1992. Likizo iliyopita nilikwenda na mama na wadogo zangu wawili. Wa mwisho ana miaka 6 na hakubebwa hata hatua moja. Kazi yake ilikuwa kuuliza: mbona mizizi ya mti huu mikubwa kama ukuta? Mbona mbega hawa wekundu? Maji yanatoka wapi na mvua hainyeshi? Jamani, BTP nzima sikuulizwa maswali mazuri kama yale.

Sasa linaloniuma. Hadi mwaka 2011 wanavijiji wa pale waliruhusiwa kuingia siku maalumu kuokota kuni kavu. Ikapigwa marufuku. Sina ugomvi na kuulinda msitu, na maji yake yanaingia mto Kilombero, Kilombero unaingia Rufiji, na huko ndiko liliko bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115. Hata taa unayosomea testi inahusika. Lakini kuni zilikuwa pia sababu ya watu kuujua msitu. Sababu hiyo ikiondoka na isiwekwe nyingine, mtoto wa jirani anakua akiutazama kwa nje kama picha ya kalenda. Kesho tunamwambia aulinde. Aulinde vipi, hata kuukanyaga hajaukanyaga?

Mtasema kiingilio cha Mtanzania ni kidogo. Ni kidogo ukilinganisha na cha mgeni. Mpe mkulima mwenye watoto watano apige hesabu yake, ndio utajua udogo wake. Hoja yangu ni nyepesi: itengwe siku moja kila mwezi, familia za vijiji vya jirani ziingie bure kwenye njia ile fupi, mama, baba na watoto, na walimu wa pale wawe mstari wa mbele.

Na sisi walimu watarajiwa tusijitoe. Ukipangiwa BTP ukanda ule, usiishie kuchora mzunguko wa maji ubaoni, chaki inaisha na mtoto anasinzia. Omba ruhusa kwa mkuu wa shule, ongea na wazazi, wapeleke wakayaone maji yenyewe.

Naomba kutoa hoja. Mnaonaje, wenzangu? Haya, narudi kwenye notsi. Alamsiki!