Tiba Inayomstahiki Mtoto Asiyetulia

Miaka kadhaa iliyopita mwana wa ndugu yangu, wakati huo akiwa na umri wa miaka minane, alitumwa na mama yake akalete nazi mbili na nusu kilo ya sukari kutoka duka lililo pembeni mwa mtaa, naye akaenda mbio kwa furaha yake yote; lakini baada ya saa nzima alirejea mikono mitupu, kiatu kimoja hana, na alipoulizwa nazi ziko wapi akaduwaa, kisha machozi yakamlengalenga, kwa kuwa hakika hakuwa na jawabu. Mtoto huyu huyu alikuwa amehifadhi Juzuu Amma kabla ya wenziwe wote chuoni. Mwalimu wake wa shule, aliyeijua hifadhi yake na kuliona pia daftari lake lililojaa hesabu zilizoanzwa zisimalizwe, alihukumu kwamba akili anazo ila adabu hana, na kwa hukumu hiyo akawa anamchapa karibu kila juma, mpaka mtoto akawa anaumwa na tumbo kila Jumatatu asubuhi.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu ndani yake mna siri yote ya maradhi haya, ambayo matabibu huyaita upungufu wa makini, na ambayo kwa watoto wengi huandamana na wahka wa mwili usiotulia. Hayakuzuka juzi pamoja na simu za mkononi kama isemwavyo barazani, kwani mwaka 1902 tabibu wa watoto George Still alisimama mbele ya wenziwe mjini London akawaeleza habari za watoto wenye akili timamu ambao walishindwa kabisa kujizuia. Na leo inakadiriwa kwamba watoto watano hivi katika kila mia wanayo, tena hurithiwa katika ukoo karibu kama kinavyorithiwa kimo. Mtoto wa namna hii hakukosa kujua lililo jema. Alijua ametumwa nazi; kilichokatika ni kamba iungayo ujuzi na kitendo, pale pale kitendo kinapotakiwa, na kwa hivyo nashikilia kwamba dawa yoyote iliyo mbali na saa hiyo na mahali hapo, iwe waadhi wa usiku au bakora za Ijumaa kwa kosa la Jumanne, ni kazi bure, na mwenye kuirudia mwaka baada ya mwaka anamdhulumu mtoto.

Tiba ya kwanza hufunzwa wazazi na walimu kabla ya kufunzwa mtoto, na kwa walio chini ya miaka sita ndiyo inayotangulizwa mbele ya dawa zote. Shemeji yangu alifundishwa kliniki amshike mwanawe bega, amtazame usoni, ampe agizo moja tu na amtake alirudie kwa kinywa chake mwenyewe. Kisha ampe kikapu ambacho ndani yake mna karatasi yenye picha ya nazi, na akirudi nayo amsifu hapo hapo mlangoni, asingoje baba aje jioni. Mwalimu mwingine aliyempokea mwaka uliofuata alimkalisha dawati la mbele, mbali na dirisha, akamkatia hesabu kumi mafungu matatu, na kila fungu likiisha alimtuma akalete chaki, ili mwili upate ruhusa ya kutembea kabla haujajichukulia ruhusa hiyo wenyewe. Mambo haya ni madogo kwa kuyatazama, lakini yanachosha, kwa kuwa hayana budi kufanywa kila siku, nami nawaheshimu sana akina mama wanaoyadumisha.

Wako watoto, walakini, ambao hata malezi haya yote hayawatoshi, na hapo ndipo ninapotofautiana na ndugu zangu wengi wanaoogopa kidonge kuliko wanavyoogopa mtoto kufukuzwa shule. Mwaka 1937, katika jimbo la Rhode Island huko Marekani, tabibu Charles Bradley aliwapa watoto thelathini dawa iitwayo Benzedrine akitaraji kuwaondolea maumivu ya kichwa, na aliloliona halikuwa alilolitaraji, kwani nusu yao, kasoro mmoja, walianza kukaa na masomo yao kwa namna ya kustaajabisha, hata watoto wenyewe wakaviita vidonge vya hesabu. Miaka saba baadaye mkemia Leandro Panizzon alitengeneza mjini Basel dawa ya methilfenideti, akaipa jina la Ritalin kwa kumuenzi mkewe Rita, na hiyo ndiyo itumikayo zaidi hadi leo: huongeza nguvu ya dopamini na noradrenalini katika sehemu ya mbele ya ubongo, ambako ndiko kwenye hatamu za nafsi, huanza kazi chini ya saa moja, na ile ya kawaida huisha baada ya saa nne hivi. Haikosi madhara. Huzuia hamu ya chakula, huchelewesha usingizi, hupandisha kidogo mapigo ya moyo na shinikizo la damu, na ndiyo maana tabibu mwenye insafu huuliza kwanza habari za moyo katika ukoo, huanza na kipimo kidogo, na kila mtoto anaporudi humpima uzito na kimo. Imo pia katika mkataba wa kimataifa wa mwaka 1971 unaodhibiti dawa zinazoathiri akili, kwa hivyo haiuzwi bila ya cheti, na kwetu haipatikani kila mahali; pasipo nayo, au isipomfaa mgonjwa, iko atomoxetini, ambayo haimo katika jamii hiyo ya dawa na huchukua majuma kadhaa kabla ya kuonyesha athari yake, na iko klonidini, ambayo asili yake ni dawa ya shinikizo la damu.

Uchunguzi mkubwa uliofanywa kwa watoto 579 wa Amerika ya Kaskazini na kutangazwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba, katika muda wa miezi 14, dawa iliyosimamiwa kwa uangalifu ilituliza dalili kuliko mafunzo ya tabia peke yake, na waliopewa yote mawili walihitaji kipimo kidogo zaidi. Sioni basi sababu ya mzazi kulazimishwa kuchagua upande mmoja.

Kabla ya yote hayo sharti mtoto achunguzwe. Asiyesikia vyema hufanana na asiyesikiliza. Yuko ambaye usiku hukoroma na kukosa pumzi, na mchana husinzia au huruka kama mwenye wazimu. Yuko mwenye upungufu wa damu, na mwenye kifafa kidogo kinachomnyang'anya fahamu kwa nukta chache, na katika nchi zetu yuko aliyepona malaria ya ubongo akabakiwa na kovu lisiloonekana. Wala sigombani na mama anayemnywesha mwanawe kombe la zafarani na kumwombea dua, maadamu kombe halimzuii kufika hospitali.

Kenya ilikwisha kuikataza bakora shuleni kwa sheria ya elimu ya mwaka 2013, ingawa wazazi wanajua kwamba haijatoweka; Tanzania Bara ingali ikiiruhusu kwa kanuni zilizowekwa mwaka 1979. Mimi naomba ifutwe, na saa zinazotumika kuchapa zitumike kuwafundisha walimu yale ya dawati la mbele na mafungu matatu, kwani matabibu wa akili za watoto ni wachache mno kwetu, ilhali mwalimu yuko kila kijiji.

Nao watu wazima tumewasahau kabisa, kana kwamba maradhi hufa mtu anapoota ndevu. Wengi huacha kurukaruka, lakini makini haiji: bili hulipwa taa zimekwisha katwa, kazi nne huanzwa kwa siku moja, ahadi huvunjwa bila ya nia mbaya, na mke huchoka. Dawa zile zile huwafaa, pamoja na mazungumzo ya tiba yanayomfundisha mtu kupanga siku yake kwa maandishi na kengele. Ndugu yangu, baba wa mtoto yule, ni fundi cherehani, na kwa miaka ishirini wateja wamemwita mwongo kwa sababu ya nguo za Idi zilizokatwa zisishonwe. Siku tabibu alipokuwa akimsomea dalili za mwanawe, moja baada ya moja, alinyamaza kimya, akatazama chini, na tulipotoka nje aliniambia, "Kaka, yule alikuwa akinisema mimi." Mwezi uliofuata alirejea peke yake, akachukua namba, akakaa kwenye benchi pamoja na akina mama na watoto wao, akingoja zamu.